Mkizi Wetu Haombi Ruhusa

São José dos Campos, 12 Septemba 1993

Mdogo wangu Genivaldo,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Marlúcia, na huyo asiyezaliwa bado ambaye tayari anamtapisha mama yake. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Mwambie Mama keki yake ya muhogo ilifika imepondeka, lakini ilifika, na karakana nzima tuliila kwa vijiko. Goti lake je? Usiniandikie "vizuri" kama mara iliyopita. Niandikie kama anapanda ngazi au hapandi.

Sasa habari yenyewe. Unajua kwamba tuna miaka minne tunahangaika na kombora la kupiga meli, la kutengenezwa hapa hapa nchini, kwa ajili ya wanamaji wenzako. Vijana wa karakana wamelibatiza Mkizi, kama yule samaki wa kuruka, maana linatakiwa liruke chini chini, karibu lilambe mawimbi, rada ya adui isilione. Ili liruke hivyo linahitaji kifaa cha kupimia kimo chake juu ya maji. Tulikiagiza ng'ambo, tukangoja. Juzi jibu limekuja, mistari mitatu tu. Hawauzi. Serikali yao haioni kwamba nchi yetu ina haja na kifaa cha aina hiyo.

Genivaldo, nimeisoma sentensi hiyo mpaka ikaanza kunichekesha. Mtu amekaa ofisini kwake, hajui hata pwani yetu inaanzia wapi, anatupimia haja zetu. Mkuu wa mradi, Daktari Aristeu Pompeu, alitusomea barua hiyo sote tukiwa tumesimama, akaikunja, akauliza, "Haya, nani analia?" Akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Basi kesho tunaanza kukitengeneza wenyewe." Siku ile nilimpenda sana mzee yule.

Hapa wanasema manowari yenu ndiyo itakayolifyatua. Ni kweli? Hapa wanasema mengi.

Dada yako,
Iracilda


Niterói, 20 Oktoba 1993

Dada,

Anapanda. Akifika juu anageuka na kuzitukana ngazi moja moja. Hilo ndilo goti la Mama. Marlúcia naye ameacha kutapika, sasa anakula. Jana alimaliza sahani yake, akaiangalia yangu kwa huruma, kana kwamba nimeinyima malezi mema, akaichukua pia.

Wanasema kweli. Ni manowari yetu, tena mabomba ya kufyatulia yako chini ya kikosi changu. Mama amewaambia wateja wake wote wa keki kwamba mwanawe mmoja anatengeneza kombora na mwingine atalirusha. Nimemwambia ni siri ya jeshi. Akasema, "Nimemwambia kila mtu kuwa ni siri."

Nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Makombora tuliyonayo sasa ni ya kununua. Yamo ndani ya masanduku yenye lakiri, na ole wako uiguse. Kila mwaka anakuja fundi wa hao waliotuuzia kuyakagua. Anatutoa nje, anajifungia. Mwaka jana nilimpelekea kahawa, akaipokea kwa mlango uliofunguliwa kidogo, kama mtu aliye bafuni. Nikamwuliza, "Bwana, na siku tukiingia vitani nawe uko likizo?" Akasema, "Basi msipigane mwezi wa nane." Wenzangu walicheka. Mimi kikombe kile nilikwenda kukiosha mara mbili.

Kwa hiyo, dada, tengenezeni. Kama ni kuchekwa tumeshachekwa, hakuna kipya watakachotuonyesha.

Genivaldo


São José dos Campos, 6 Februari 1994

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa ukimya. Krismasi nilikula peke yangu, sandwichi juu ya meza ya kazi, na wala sikuona uchungu, kwa sababu utakazozisoma hapa chini. Mpe Mama pole ya kunikosa. Mwambie wifi asibebe ndoo. Umpake miguu mafuta, usimwachie Mama.

Tangu mwezi huu barua zetu zinapitia ofisi ya usalama ya karakana kabla ya kutumwa. Kwa hiyo nawasalimu na wasomaji wa ofisi hiyo, nao na familia zao.

Kile kitu tulichonyimwa, tunacho. Siwezi kueleza kinafanyaje kazi. Naweza kusema tulikifunga chini ya helikopta, tukaenda nacho juu ya bwawa kubwa, rubani akashuka, akashuka, mpaka maji yakaanza kuturukia. Namba zilizokuwa zinatoka kwenye kioo zilikuwa sawasawa na kamba tuliyoishusha kupima. Fundi wetu mmoja, mtu wa makamo asiyecheka hata akisikia kichekesho, aliivua kofia akaitupa nje ya helikopta. Ile barua ya mabwana wa ng'ambo tumeibandika ukutani. Chini yake mtu ameandika kwa kalamu ya risasi: Asanteni kwa msaada.

Mshahara haujatoka tangu mwezi wa kumi na moja, na bei ya mkate asubuhi si ile ya jioni, lakini hayo ni ya nchi nzima.

Kuhusu injini usiniulize.

Iracilda


Niterói, 10 Machi 1994

Dada,

Sote wazima. Tumbo la Marlúcia limeshuka, na Mama anasema ni msichana kwa sababu anapiga teke upande wa kushoto, elimu ambayo hataki kueleza ameipata wapi. Mtoto atakuja mwanzo wa mwezi wa tano.

Umeandika nisiulize kuhusu injini. Wewe ndiye uliyenilea Mama akiwa sokoni, unajua mtoto akiambiwa usiulize anafanya nini. Nauliza.

Nauliza kwa sababu siku imetangazwa. Tarehe ishirini na nane mwezi wa nne tunafyatua. Wakubwa wanakuja kutoka Brasília, kuna hema, kuna nyama ya kuchoma. Wiki nzima tunapaka rangi. Hata ndoo zimepakwa. Daktari Aristeu alikuja kukagua mabomba, akanipa mkono. Nikamwambia, "Mimi ni mdogo wake Iracilda wa injini." Akaniangalia kidogo, akasema, "Dada yako ni mfanyakazi hodari," halafu akaanza kuzungumzia hali ya hewa.

Ndivyo mtu anavyomsema marehemu, dada. Kuna nini?

Genivaldo


São José dos Campos, 31 Machi 1994

Genivaldo,

Barua hii haikupita ofisini. Ameibeba binamu yetu Osmarina kifuani, anakuja kwa Mama kwa Pasaka. Ukishaisoma ichome. Salamu kwa wote. Leo salamu zangu ni fupi.

Mkizi anarushwa kutoka kwenye bomba na injini ndogo ya kwanza, ambayo ni gamba la chuma lililojazwa baruti ngumu. Kazi yangu ni kuipiga picha za eksrei kabla haijafungwa. Ile iliyoandaliwa kwa ajili yenu ina ufa ndani ya baruti, mrefu kama kidole changu. Moto ukiingia kwenye ufa huo, baruti yote itawaka kwa mkupuo, ndani ya bomba, kombora halijatoka. Wewe umesimama upande gani wakati huo, unajua mwenyewe.

Nilimwonyesha Daktari Aristeu. Akaitazama picha dirishani muda mrefu.

"Hiki ni kivuli," akasema.

"Si kivuli, Daktari."

"Iracilda. Tukiahirisha, Brasília watafunga mradi. Wale waliotunyima kifaa watasema, si tuliwaambia? Unataka wacheke?"

"Watacheka zaidi wakituona tunazika mabaharia wetu wenyewe."

"Kwenye kikao utasema ni kivuli. Mimi nitabeba lawama."

Kikaoni nilisema ni ufa. Nikaambiwa nimechoka, nikapumzike. Wengine kumi na mmoja walikuwepo. Wote walikuwa wanatazama meza.

Usidhani namchukia yule mzee. Ameharibu macho yake kwa kazi hii, na anaogopa itakufa mikononi mwake. Mimi pia naogopa. Ila nakuambia, na ukimsikia mtu akisema dada yako aliisaliti kazi, umwambie hivi: nisingelijali kombora la wageni likipasuka. Hili ni letu. Sitaliacha litoke likiwa bovu ili watu wapate picha ya gazeti.

Sikuelekezi la kufanya. Ukisema, watajua limetoka kwangu, na wewe una mke anayekaribia kujifungua. Nimekueleza ninachojua, basi.

Mimi sijambo. Nimehamishiwa jengo jingine, kazi nyepesi.

Dada yako


Niterói, 22 Mei 1994

Shangazi Iracilda,

Ndiyo, ushakuwa shangazi. Msichana, tarehe nne, ana nywele kama brashi. Mama alitaka aitwe jina lako. Marlúcia akasema kwa upole kabisa kwamba nchi hii ikipata Iracilda wa pili haitakalika. Anaitwa Dalvina. Sikuwepo alipozaliwa, nilikuwa na kazi kambini. Mama alimshika kabla yangu, na analitaja hilo kila siku.

Yaliyotokea ni haya.

Asubuhi ya tarehe ishirini na nane tulijipanga sitahani, sare nyeupe. Kombora lilikuwa limeshapakiwa. Wageni walikuwa bado ufukweni wanakunywa kahawa. Kamanda wetu, Teófilo, alipita na Daktari Aristeu akiuliza kila kikosi kama kiko tayari. Wakanifikia mimi.

"Kikosi cha mabomba?"

"Kiko tayari, Kamanda. Nina swali."

Hapo hapo niliona waliokuwa karibu nami wanasogea kidogo, kama watu waliosikia harufu.

"Uliza."

"Injini ya kwanza ya kombora hili ilipigwa picha. Aliyeipiga alisema nini?"

Daktari Aristeu akasema, "Sajenti ni mtaalamu wa baruti?"

"Hapana, Daktari. Ningekuwa mtaalamu nisingeuliza."

Kamanda akanitazama. "Swali hilo umelitoa wapi?"

"Kichwani kwangu, Kamanda."

"Kichwa chako kina ndugu São José dos Campos," Daktari akasema.

Kamanda hakunihoji tena. Alimgeukia Daktari, akamwambia kwa sauti ya mtu anayepanga viti vya harusi, "Daktari, wakati wa kufyatua, wewe simama hapa na sajenti wangu. Nitaagiza uletewe kiti."

"Nafasi yangu ni ufukweni, penye vyombo vya vipimo."

"Vyombo vina vijana wako. Nakukaribisha hapa, penye bomba."

Dada, nilimwona mzee yule akiliangalia bomba. Sijawahi kuona mtu akizeeka amesimama. Mwisho akavua miwani, akasema polepole, "Lishusheni."

Wageni walikula nyama, wakaondoka wamenuna. Injini ilipelekwa nchi kavu, ikafungwa kwenye zege, ikawashwa kwa waya wa mbali. Paa la banda lilionekana kwenye shamba la jirani. Zege lenyewe lilipasuka.

Vijana wa kikosi changu hawakusema kitu. Ila kesho yake nilikuta mmoja amenipigia viatu vyangu rangi.

Magazeti unayajua, yanatucheka. Acha waandike.

Genivaldo


São José dos Campos, 24 Julai 1994

Mdogo wangu,

Mbusu Dalvina kwenye hizo nywele zake. Hapa bado watu wamepoteza sauti kwa sababu ya kombe la dunia. Mlinzi wa lango amevaa jezi juu ya sare, na hakuna anayethubutu kumwambia avue. Baridi ni kali. Pesa mpya imekuja, na mpaka sasa mkate una bei ile ile asubuhi na jioni, jambo ambalo Mama hataliamini mpaka mwakani.

Mama ameniambia kazi yako ya kambini ilikuwa kazi gani. Kizuizini, zaidi ya wiki, kwa kosa la kuuliza mambo yasiyokuhusu. Mtoto wako amezaliwa nawe umefungiwa, halafu unaniandikia "nilikuwa na kazi". Wewe na mimi tumetoka tumbo moja kweli, maana nami nilikudanganya. Hakukuwa na jengo jingine. Walinisimamisha kazi tangu mwezi wa tatu. Nilifundisha hesabu shule ya jioni, nikauza keki za muhogo kwa njia ya Mama, na keki zangu, kusema kweli, hazikuwa na wateja wa mara ya pili.

Mwezi wa sita Daktari Aristeu alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu. Nilikuwa nimeshika mwiko. Alikataa kukaa.

"Nimejiuzulu," akasema. "Nimewaandikia kwamba ulisema ufa, nami nikasema kivuli. Wanakutaka urudi kwenye injini."

"Mradi haujafungwa?"

"Walitaka kuufunga. Kamanda Teófilo aliwaambia chombo chake hakitapakia makombora ya kununua mpaka aone hili la kwetu likiruka. Mtu mkaidi sana." Akatabasamu kidogo. "Wakaidi mmejaa siku hizi."

Nilimpa keki. Aliila yote, nami nikaelewa kwamba ameomba radhi.

Kwa hiyo nimerudi. Tumebadilisha namna ya kuikausha baruti, sasa inakaa muda mrefu zaidi na kwa joto la chini. Tumewasha injini tatu juu ya zege jipya. Zote zimeungua vizuri mpaka mwisho, kwa mlio mmoja, kama kitambaa kinachopasuliwa. Kuna jarida moja la ng'ambo limeandika kwamba nchi ya mpira na kahawa ibaki na mpira na kahawa. Tumelibandika ukutani pembeni ya ile barua. Ukuta bado una nafasi.

Sitakuwepo siku ya kufyatua. Ofisi ya usalama imeamua kwamba kwa kuwa nilitoa habari nje, sitakanyaga manowari wala ufukwe wa majaribio maisha yangu yote. Nilipoambiwa niliuliza kama ningeruhusiwa kuitengeneza injini. Wakasema ndiyo. Nikawaambia basi wachukue ufukwe wao.

Na wewe ukisimama penye bomba, simama bila wasiwasi. Safari hii nakuambia mimi.

Iracilda


Niterói, 9 Oktoba 1994

Dada,

Dalvina ameota jino na amemng'ata Mama kidole. Mama amefurahi kupita kiasi, anaonyesha kidole kwa wateja. Marlúcia anakusalimu, anasema uje Krismasi, safari hii hakuna kisingizio.

Tumefyatua, Alhamisi. Hapakuwa na hema wala nyama, wakubwa wawili tu na mabegi yao. Shabaha ilikuwa meli moja kuukuu iliyotolewa kazini, imevutwa mbali mpaka ng'ambo ya upeo wa macho, na ndege ilikuwa inazunguka kuiangalia.

Kamanda aliniambia nihesabu mwenyewe kurudi nyuma mpaka sifuri. Nikahesabu. Nikabonyeza.

Halafu ule mlio uliouandika, kama kitambaa kinachopasuliwa, ila kitambaa cha ukubwa wa mbingu. Kifuniko kikaruka, moshi ukatufunika wote, na moshi ulipopeperuka pembeni nikamwona Mkizi. Alikuwa ameshaiacha injini yako, iko nyuma yake inaanguka tupu, imeungua mpaka chembe ya mwisho. Akashuka. Tulidhani anaanguka, kuna kijana nyuma yangu alisema "basi". Akashuka mpaka juu kidogo ya mawimbi, akanyooka, akakaa pale pale kama amewekewa reli, akaenda. Bahari ilikuwa inachafuka, naye anapanda na mawimbi na kushuka nayo. Dada, alikuwa anaiona bahari. Kwa jicho mlilolitengeneza wenyewe baada ya kunyimwa.

Tukangoja redio ya ndege. Rubani akasema, "Amepita." Kamanda akauliza, "Amepita vipi?" Rubani akasema amepita pembeni ya shabaha, kama nusu ya uwanja wa mpira, akaendelea mbele, akazama.

Mmoja wa wakubwa wa Brasília akafunga begi lake. "Limekosa," akasema, kwa sauti ya mtu anayezima taa.

Hapo Kamanda Teófilo akamwambia, "Mheshimiwa, miaka ishirini nimebeba makombora ambayo sikuruhusiwa hata kuyafungua. Leo nimeona letu likiruka kutoka hapa mpaka kule, chini ya kimo cha sitaha yangu. Kukosa nusu uwanja ni kazi ya wiki chache. Fungua begi lako tuandike tarehe nyingine."

Alilifungua, dada. Alinung'unika, lakini alilifungua.

Jioni vijana waliimba. Mimi nilikaa penye bomba tupu. Lilikuwa bado la moto, na lilikuwa zima, halina hata mchubuko. Nililishika. Najua uliumia kutokuwepo, hata kama hutaandika. Nami sitakuandikia nilivyolia, kwa hiyo tuko sawa.

Genivaldo


São José dos Campos, 15 Oktoba 1994

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote, na pole kwa kidole cha Mama. Krismasi nakuja.

Nimeisoma barua yako kwa sauti nikiwa juu ya meza, karakana nzima imesimama. Nilipofika kwenye injini iliyoungua mpaka chembe ya mwisho sikuweza kuendelea, akaendelea fundi yule asiyecheka. Alipofika kwenye "limekosa" hakuna aliyeinamisha kichwa. Watu walikuwa wameshaanza kuvuta viti na kutoa michoro.

Vipimo rasmi vitatufikia wiki ijayo, lakini hapa hakuna mwenye subira hiyo, na wewe umeandika kurasa mbili za moshi na mawimbi ukaacha jambo moja tu tunalolihitaji. Muulize rubani leo leo, kisha utume simu ya maandishi, neno moja linatosha.

Amepita kulia au kushoto?

Iracilda